Benchi la Roshani

Kamati ya kanisa la Mtakatifu Blasi ilikata shauri kuivunja roshani ya ndani walikoketishwa watumwa siku ya Jumatatu. Vernelle Mazyck, aliyelifagia kanisa hilo miaka ishirini na sita, aliambiwa Jumapili, ibada ikishakwisha.

Zamani, huku Karolina Kusini, kanisa lenyewe lilimiliki watu. Ikitakiwa kengele, mtoto anauzwa. Likitakiwa paa, mwingine. Kila mama ambaye mwanawe aliuzwa alipanda roshanini, akaketi benchi la nyuma na kukata alama moja kwa kisu chini ya ubao. Vitabu vya kanisa viliandika farasi kwa majina yao, watoto hawamo. Vernelle alionyeshwa alama hizo na bibi yake, kidole juu ya kidole.

"Bwana Tisdale," alimwambia mwenyekiti, "benchi la nyuma nipeni mimi."

"Dada Vernelle, ile ni aibu. Tunaiondoa."

"Aibu ya nani?"

"Yetu sote."

"Mimi sijauza mtoto wa mtu."

Tisdale alicheka kidogo, akamgeukia Padri Whitlock. Padri, kijana wa machozi ya karibu, alimshika Vernelle mkono. "Tutakuwekea. Njoo na gari kesho saa nne."

Asubuhi kaka yake, Cleveland, aliendesha pikapu akinung'unika.

"Umewaamini?"

"Padri ameahidi."

"Hawa wakitenda dhambi tunaumia sisi. Wakitubu je, dada? Ndio kabisa, kaa mbali."

Walifika saa nne kasorobo. Uani moto ulikuwa unawaka, kamati nzima imeuzunguka, wamevaa nguo nyeupe na kuimba. Mbao za roshani zilikuwa zikipasuka humo.

"Benchi langu liko wapi?" Vernelle aliuliza.

Padri alitazama viatu vyake. "Lilitangulia. Watu waliguswa sana, wakataka waanze na lililo baya zaidi. Sikuweza kuwakatiza."

"Tumekupunguzia uchungu," Tisdale alisema. "Pale pataota maua, na kibao cha shaba. Ukishatulia, reki iko stoo. Majivu yasiingie ndani, zulia ni jipya."

Cleveland alikunja ngumi. Vernelle akamkamata mkono kwa nguvu zake zote, maana polisi wangefika hata kabla ngumi haijashuka. Kisha akaenda stoo, akachukua reki. Alichakura majivu yale mpaka adhuhuri, akaokota misumari.

Kibao kiliwekwa mwezi uliofuata. Kina jina la padri, la Tisdale, na la wanakamati wanane.

Alama zilikuwa thelathini na moja. Bibi alimwachia Vernelle majina ya watoto watano: Cudjo, Hagar, Minda, Prince, na Sukey aliyekuwa bado ananyonya. Ishirini na sita waliobaki, hakuna tena popote hata mkwaruzo wa kuonyesha kwamba walizaliwa.