Vikohozi Mia Moja na Themanini

Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, fundi wa mashine wa kiwanda cha nyuzi aliondoa pasi mezani, akapangusa vumbi, akaweka hapo kompyuta ambayo watoto wake pacha waliiacha walipokwenda chuo. Vitufe vitatu vilikuwa vimeng'oka na feni yake ya ndani ilivuma kama nzi chupani. Watu wote walimwita Baba Pacha, hata meneja wake. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na alichotaka asubuhi hiyo ni kutengeneza muziki wa dansi, ule wa kompyuta, usio na gitaa wala mwimbaji.

Aliusikia mara ya kwanza saluni kwa shemeji yake, alipokwenda kumtengenezea kikaushio cha nywele. Alisimama na bisibisi mkononi mpaka wimbo ukaisha. Kwake ule haukuwa muziki tu. Ilikuwa mashine iliyofungwa vizuri. Kila kipande kilikuwa na zamu yake, na kimoja kikichelewa hata unywele, mguu unajua.

Shemeji huyo, mdogo wa mke wake, alikuwa msusi, na Jumapili alasiri alipiga muziki kwenye ukumbi wa vijana. Ndiye aliyemwekea programu na kumfundisha.

"Haya shemeji, hiki ni kipigo kizito. Kiweke kwenye moja, mbili, tatu na nne. Usikipambe."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Watu wanacheza kwa miguu, hawachezi kwa akili. Ukituletea akili zako za spana utatuvunja viuno."

Kwa wiki tatu Baba Pacha alifanya makosa ya kila anayeanza. Aliweka ngoma saba pale zilipotosha mbili. Alipandisha besi, akapandisha vinanda ili visizidiwe na besi, akapandisha vyote tena, mpaka taa za kwenye skrini zikawa nyekundu na spika ikatoa sauti ya karatasi inayochanwa. Shemeji yake alisikiliza kichwa kikiwa upande.

"Hapa wote wanaongea, hakuna anayesikiliza. Punguza."

Akajifunza kupunguza. Akajifunza kutengeneza kipande kifupi kimoja, kukirudia, kisha kubadilisha kitu kidogo kila baada ya marudio manane ili mchezaji asije akakumbuka kwamba amechoka. Mwendo wake ulikuwa mapigo mia moja ishirini na nne kwa dakika. Mkewe alisema ni mwendo wa mtu anayekimbilia choo lakini hataki watu wajue.

Tatizo lilikuwa sauti zenyewe. Zile zilizokuja na programu zilikuwa safi mno, hazikuwahi kumgusa mtu. Basi akachukua simu yake, akaanza kurekodi sauti za nyumbani.

Alianza na mlango wa kabati la jikoni. Alipokwisha kuurekodi, mlango ukaacha kulia. Mkewe aliufungua na kuufunga mara tatu, kisha akasema afadhali. Ikafuata bomba la uani, ambalo liliendelea kudondosha maji lakini kimya kimya, halafu komeo la geti. Siku ya nne mkewe alikuja kusimama mlangoni akiwa na mwiko.

"Baba Pacha, nimeangusha mfuniko wa sufuria sakafuni, haukulia. Nimesimama pale kama mjinga naungoja."

"Niliuchukua jana. Unakaa vizuri sana kwenye nne."

"Urudishe. Kuna vitu mtu anataka kuvisikia vikianguka."

Alifuta faili ya mfuniko, na jikoni ukasikika mlio wake, umechelewa dakika ishirini. Hivyo wakajua kwamba ukiifuta sauti kwenye kompyuta, hurudi ilikotoka.

"Na kicheko changu usikiguse," mkewe akasema.

"Sijakigusa."

"Nasema tu."

Kiwandani kulikuwa na mashine ishirini na nne za kusokota nyuzi kwenye ukumbi mmoja, na wafanyakazi mia moja na themanini kwa zamu ya mchana. Kelele ya humo ilikuwa nzito kiasi kwamba watu walizungumza kwa mikono. Mtu akitaka kukupa habari ya msiba, alikushika bega, akakusogelea na kukupigia ukelele sikioni. Baba Pacha alikuwa ameisikia kelele hiyo miaka ishirini na miwili bila kuisikiliza. Sasa akiwa chini ya mashine na grisi mpaka viwikoni, alisikia kwamba chini yake mlikuwa na besi: nzito, sawasawa, na yenye kurudi nyuma kidogo kila zunguko la nne. Ijumaa, dakika mbili kabla ya mashine kuzimwa, aliweka simu juu ya mashine ya tisa na kurekodi mpaka zilipozimwa.

Jumatatu asubuhi umeme ulipowashwa, mashine zote ishirini na nne zilizunguka kimya kabisa.

Watu walisubiri kidogo. Walipoona nyuzi zinatoka kama kawaida, wakaendelea na kazi. Ndipo vikasikika vikohozi.

Vilianzia pembeni, kwenye mashine za mwanzo, vikaja mpaka katikati, vikaenda mpaka mlango wa nyuma, kisha vikaanza tena. Vilikuwepo vikavu na vyenye majimaji, vya watu wanaokohoa kwa adabu ndani ya kiganja, na vya watu waliokwisha kukata tamaa na adabu.

"Kumbe na wewe?" Mama Fundo alimwuliza jirani yake. Alikuwa mama wa miaka hamsini na minane, msimamizi wa mashine ya kumi na moja, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyemshinda kuunga uzi uliokatika.

"Na mimi. Nilidhani ni godoro langu, limezeeka."

"Mimi nilidhani ni rangi ya nyumba. Nimemgombeza mpangishaji bure."

Baba Pacha alidhani chake ni sigara, ambazo aliziacha miaka kumi na sita iliyopita. Aliangalia juu. Vumbi la pamba lilikuwa likielea kwenye mwanga wa madirisha, jeupe, laini, likishuka polepole juu ya vichwa vya watu kama lilivyoshuka siku zote. Halikuwa limefichika. Ila hakuna aliyekuwa ameusikia ukumbi mzima ukilijibu.

Saa nne akaenda ofisini. Meneja alikuwa na furaha. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameongea na simu bila kufunga dirisha.

"Kelele umeziondoa vizuri sana, Baba Pacha. Alhamisi wanakuja wanunuzi, tutaweza kuzungumza nao humo humo ukumbini. Sasa chukua na hivyo vikohozi."

"Meneja, feni za kunyonya vumbi zipo stoo. Sita. Nilizipokea mwenyewe, mwaka wa tatu huu, ziko kwenye makasha nyuma ya madumu ya rangi. Nipe siku mbili nizifunge."

"Siku mbili mashine zimesimama?"

"Siku mbili."

"Na vikohozi utavichukua kwa muda gani?"

Baba Pacha alikuwa mtu wa kujibu swali aliloulizwa. "Nusu siku," akasema, na papo hapo akatamani angesema mwezi.

Alasiri likabandikwa tangazo: kuanzia Alhamisi, atakayesikika akikohoa atapewa mapumziko yasiyo na malipo mpaka apone. Watu walilisoma, wakakohoa, wakalisoma tena. Jioni walimzunguka Baba Pacha kwenye kibanda chake cha vipuri. Aliwaambia kuhusu feni. Waliona ni jambo la maana, feni zile, na wengine walikumbuka siku lori lilipozileta. Kisha dereva wa kigari cha marobota akauliza foleni ianzie wapi.

"Sitaki kuvichukua," Baba Pacha alisema. "Nikivichukua, havitakuwa vimepona. Vitakuwa havisikiki tu."

"Tunajua, mdogo wangu," Mama Fundo akamjibu. "Hatujaja kutibiwa. Mimi nina wajukuu wawili shuleni na mama yao hana kazi. Washa simu."

Alianza na chake mwenyewe, ili waone hakiumi. Kazi iliendelea Jumanne mpaka saa sita mchana. Kila mmoja alisogea, akakohoa kwenye simu, akashukuru, akarudi kwenye mashine yake. Mama Fundo alikuwa wa mwisho. Alivuta pumzi, akakohoa kikohozi kirefu chenye ngazi tatu, kikishuka kama mtu anayeteremka na mzigo.

"Changu kitie kwenye muziki wako," alisema alipopata pumzi. "Lakini mbele. Usinifiche nyuma ya besi."

Alhamisi wanunuzi walipita katikati ya mashine, mikono nyuma. Mmoja alisema hajawahi kuona wafanyakazi watulivu namna ile. Mama Fundo alimwamkia kwa kichwa, mabega yake yakitikisika, kiganja mdomoni, bila sauti yoyote.

Nyumbani, wakati wa chakula, mke wa Baba Pacha aliacha kumsikiliza mumewe na kuanza kumtazama. Akiona mabega yanaruka anamsogezea maji. Siku moja aliuliza kama hawezi kukifuta chake peke yake, kirudi.

"Kikirudi nitapumzishwa bila malipo."

"Na kisiporudi, mimi nitajuaje kama kimezidi?"

Akasogeza sahani karibu. Akala.

Wimbo aliumaliza baada ya wiki sita. Ulikuwa na kipigo kizito kwenye moja, mbili, tatu na nne, besi ya kiwanda chini yake, komeo la geti katikati, na kila mwisho wa mzunguko, kabla ya kila kitu kurudi, kikohozi cha Mama Fundo, mbele, peke yake. Vile vingine hakuvigusa. Shemeji yake alikuja kuusikiliza, akasimama, akaondoa viatu, akacheza sebuleni mpaka mwisho.

"Shemeji, hiki kinachoteremka ni chombo gani?"

"Ni mtu ninayefanya naye kazi."

"Mwambie ana mapigo mazuri."

Jumapili shemeji aliupiga ukumbini. Vijana waliucheza, wakataka urudiwe, wakajifunza kushuka na kile kikohozi kwa magoti, ngazi tatu, wote pamoja. Mama Fundo alipoambiwa alicheka mpaka akashika nguzo, na Baba Pacha, aliyekuwa akimtazama usoni, akaona ni wapi kicheko kimeishia na kikohozi kimeanza. Kicheko kilikuwa kifupi.

Mwezi wa nne baada ya hapo Mama Fundo hakuja kazini. Mwezi wa tano mashine ya kumi na moja ilipewa msichana mgeni, mwenye kofia ya njano.

Binti ya Mama Fundo alikuja nyumbani kwa Baba Pacha alasiri ya Jumamosi. Alikataa kiti, kisha akakikubali. Mke wa Baba Pacha akamshika mkono.

"Siku za mwisho tulikuwa tunamwona tu," binti alisema. "Usiku ukiwa upande wa pili wa ukuta hujui kitu. Ukiingia ndiyo unaona. Nimesikia kikohozi chake mnacho ninyi. Nimekuja kuomba kirudi mahali pake."

"Unajua hayupo wa kurudiwa nacho," alisema Baba Pacha taratibu.

"Najua. Lakini si cha kompyuta."

Alimsikilizisha kwanza. Binti alisikiliza kwa macho yaliyofumbwa, akaomba arudie, akatikisa kichwa kukubali. Baba Pacha akakifuta. Walikaa watatu wakisubiri pale sebuleni, kisha binti akaenda kusubiri nyumbani kwake. Huko nako hakikufika.

Kwenye wimbo pakabaki pengo. Shemeji alishauri lizibwe kwa sauti nyingine, Baba Pacha akakataa. Vijana ukumbini hawakulalamika. Walipofika kwenye pengo walishuka vilevile, ngazi tatu, kimya, ukasikia nguo zao tu.

Jumatatu, saa nne kasoro, mashine ya kumi na moja ilikohoa.

Kilikuwa kile kile, kirefu, kikiteremka. Wenyeji wa mashine za jirani walisimama kidogo, mmoja akavua kofia, wakarudi kwenye nyuzi zao. Msichana mgeni aliuliza ni nani, akaelezwa. Tangu hapo kila kilipotoka alisema, "Pole, mama," na kuendelea kuunga uzi.

Meneja alikuja na kalamu sikioni. "Hicho nacho kichukue."

"Kina mwenyewe, meneja. Na tangazo lako hawezi tena kulisoma."

Meneja alikisikiliza mara mbili, akapiga hesabu kwamba hakuna wageni mpaka mwakani, akaandika kwenye daftari la matengenezo: mashine na. 11, inakohoa, inafanya kazi. Baba Pacha alimkumbusha kuhusu feni, akaliandika na hilo. Daftari likarudi kwenye droo.

Miezi minane ikapita. Pamba ilikuwa ikiingia na marobota yakitoka. Asubuhi moja Baba Pacha alikuwa amelala chali chini ya mashine ya kumi, akikaza nati, aliposikia kikohozi juu yake upande wa kulia.

"Pole, Mama Fundo," alisema.

Kofia ya njano ikainama, msichana akachungulia chini ya mashine, kiganja kikiwa bado mdomoni.

"Hicho ni changu, Baba Pacha," akasema. "Cha mama bado."