Udhu wa Dopla

Mimi ni Mkristo, tena Mngoni niliyelelewa na masista wa Peramiho, lakini miaka tisa katika chumba cha upasuaji kule Mtwara nimeishi kwa udhu. Neno hilo alituachia Bi Zainabu, muuguzi aliyenifundisha kazi kabla hajastaafu. Alikuwa amechoka kutuhubiria habari za vijidudu tusivyoviona. Siku moja akasema kila kifaa kilichoandaliwa kwa upasuaji kina udhu wake, kama mtu aliyejitayarisha kuswali. Kikigusa pasipostahili, udhu umetenguka, na hapo hakuna mjadala, kinaondoka mezani. "Na mara nyingi anayejua ni wewe peke yako, Irene," akaniambia. Tangu hapo sote tukawa tunasema hivyo hivyo, Waislamu na sisi wengine.

Mwaka 2003 tuliletewa dopla. Ni kifaa kidogo kama redio ya mkulima, kina waya, na mwishoni mwa waya kitu mfano wa kalamu nene. Ukiiweka kalamu juu ya mshipa unasikia damu inavyopita: fwaa, fwaa, fwaa. Dokta Isaya, daktari wetu wa upasuaji, aliipenda mno, hata vumbi aliifuta mwenyewe. Shida yake ilikuwa moja, haichemshwi. Ukiitia kwenye mvuke pamoja na mikasi inakufa. Kwa hiyo tuliivalisha. Tulikuwa na kifuniko kirefu chembamba cha plastiki, kinachotoka kwenye pakiti yake kikiwa na udhu, tukikiita soksi. Ndani tunatia jeli ya kawaida, kisha kalamu na waya. Nje tunalowesha kwa maji safi ya chumvi tu. Soksi ikiwa nzima, kalamu inaweza kulala ndani ya kidonda na isimdhuru mtu. Ikitoboka, umempaka mgonjwa uchafu kwenye nyama.

Idrisa, mkulima wa korosho wa Mtawanya, aliletwa asubuhi kwa baiskeli. Alikuwa akifyeka majani shambani, panga likamteleza likaingia nyuma ya goti. Mkewe, Hawa, alikuwa amemkaza kitenge juu ya jeraha, na unyayo ulikuwa umeshapoa. Dokta Isaya hakumficha. Mshipa mkubwa umekatika, akasema. Tukiuunga na damu ikashuka, mguu utapona. Isiposhuka, au kidonda kikioza, tutakata juu ya goti.

"Dokta, mimi napanda nkorosho," Idrisa akajibu. "Nguu mmoja unipandishe mimi huko juu?"

Mtu wetu wa ganzi alimchoma sindano ya mgongoni, kwa hiyo Idrisa alikuwa macho, kifua na uso upande mmoja wa pazia, miguu upande wetu. Kuunga mshipa kulituchukua karibu saa mbili. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa daktari vifaa. Alipomaliza nikampa kalamu ya dopla, akaiegemeza taratibu juu ya mshipa. Chumba kizima kikajaa: fwaa, fwaa, fwaa.

"Nini hicho?" Idrisa akauliza nyuma ya pazia.

"Damu yako, baba," nikamjibu. "Inashuka mguuni."

"Huo nguu wangu huo?"

"Wako."

Nikamsikia anamshukuru Mungu kwa sauti ya mtu anayelia. Dokta Isaya akanirudishia kalamu, akaomba uzi wa kufungia. Hapo ndipo kidole changu kilipoteleza. Nje ya soksi palikuwa na maji, na maji hayatelezi namna ile. Nikaigeuza. Karibu na waya kulikuwa na kitobo kama cha pini, jeli inatoka. Kilikuwa pale pale nilipobana waya kwenye shuka kwa kibanio, na vibanio vyetu vina meno. Aliyebana ni mimi, kwa haraka zangu, na hakuna aliyeona.

Nilinyamaza. Nataka niseme ukweli huo kama ulivyo. Daktari alishona uzi mmoja, nami nikajiambia kitobo ni kidogo, dawa atapewa, mgonjwa amechoka na ganzi itaisha. Maneno mazuri hayo, lakini ulikuwa woga mtupu. Uzi wa pili ulipoingia nikamkumbuka Bi Zainabu.

"Dokta, simama," nikasema. "Udhu umetenguka."

Dokta Isaya akainua sindano. Kisha nyuma ya pazia ikaja sauti ya unyonge.

"Nisameheni, jamani. Kama upepo umenitoka, mimi sijausikia. Huku chini sina habari nako."

Mtu wa ganzi ndiye aliyeanza kucheka. Dokta Isaya akafuata, mabega yanamtikisika. Nami nikacheka kuliko wote, nikacheka mpaka machozi. Kisha tukafanya kazi. Tuliitupa soksi, tukabadili glovu na shuka, tukafungua upya nyuzi mbili zile, tukakiosha kidonda kwa chupa baada ya chupa ya maji ya chumvi, tukasikiliza tena kwa soksi mpya. Katika kicheko kile hakuna aliyeniuliza soksi ilitobolewa na nini, nami sikusema. Na hakuna aliyemwambia Idrisa kwamba si yeye.

Baada ya siku kumi aliruhusiwa, akapangiwa kuja kuoshwa kidonda kila baada ya siku mbili. Alikuja mara moja, akiwa ameinamisha kichwa. Mara ya pili hakutokea. Ya tatu hakutokea. Siku yangu ya mapumziko nikachukua baiskeli nikaenda Mtawanya.

Hawa alikuwa uani anamenya muhogo. "Anaona haya, sista," akaninong'oneza. "Anasema hawezi kurudi kwa watu waliomcheka. Anasema kidonda alikitia najisi mwenyewe, kwa hiyo kikioza ni haki yake."

Nilisimama pale na baiskeli yangu, nikajichukia.

Idrisa alikuwa ndani juu ya mkeka, mguu umenyooshwa. Bendeji ilikuwa ile ile ya wiki iliyopita. Niliifungua. Pembeni kidonda kilikuwa chekundu na usaha umeanza kuchungulia. Nikaweka kidole juu ya unyayo. Damu ilikuwa ikipiga bado.

"Mzee Idrisa," nikasema, "siku ile hukutoa upepo."

Hakuniangalia. "Usinifiche, sista. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Udhu ni neno letu la kazi tu. Kifaa kilikuwa kimetoboka. Nilikitoboa mimi kwa kibanio. Nilinyamaza kwanza, nikasema baadaye, na ulipojilaumu nikaacha watu wacheke kwa sababu kicheko kilinisitiri."

Hawa alikuwa ameingia na kisu chake cha muhogo mkononi, naye ananiangalia. Ningependa wangenitukana.

"Utayasema hayo mbele ya wale waliocheka?" Idrisa akauliza.

Sikuwa nimefikiria kufika huko. Nilikuja kumwosha mtu kidonda na kujiondolea mzigo wangu kimya kimya, nirudi nyumbani.

"Nitayasema."

"Hawa," akamwita mkewe, "nipe nkongojo wangu."

Nilimpakia nyuma ya baiskeli, nikaikokota mpaka hospitali, Hawa anamshikilia. Katika chumba cha vidonda niliyasema yote, mbele ya Dokta Isaya na yule mtu wa ganzi. Hakuna aliyecheka. Daktari alikisafisha kidonda mwenyewe, akabadilisha dawa, akasema tumewahi, kisha akaniambia nilete dopla.

Niliifuta kalamu kwa spiriti, nikaifuta tena. Daktari akaiweka juu ya unyayo. Fwaa, fwaa, fwaa. Idrisa aliisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akanigeukia.

"Leo udhu upo, sista?"

Niliitazama kalamu, nikatazama na mikono yangu.

"Upo, baba."