Mtu Aliyeegemea Mti

Wateja walimwita Mama Chaki, kwa sababu kipande cha chaki ya kushonea hakikumtoka sikioni, hata msibani. Alikuwa fundi cherehani, mjane, na chumba chake cha mbele ndicho kilichokuwa duka. Mwanawe mmoja tu, wa kike, aliolewa Japani. Huko akazaa binti, sasa ana miaka saba, na Kiswahili cha huyo mjukuu kilikuwa neno moja: bibi.

Kila Jumapili asubuhi walionana kwenye simu. Bibi anacheka, mjukuu anacheka, halafu kimya. Siku moja Mama Chaki akamtania, "Mke mwenzangu, hujambo?" kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake wa kike. Akangoja itafsiriwe. Bintiye akahema.

"Hilo halina Kijapani, mama. Nitamwambia unamsalimia."

Basi utani ukafia njiani. Kutwa nzima Mama Chaki hakuikanyaga mashine. Jamani, kukosa mtu ni afadhali. Kumwona mtu wako ukakosa la kumwambia, huo ndio upweke unaoua.

Akamwomba bintiye amtumie chati ya darasa la kwanza, yenye kanji themanini, zile herufi za Kijapani ambazo kila moja ina maana yake, zile zile anazojifunza mtoto. Alitaka kitu kimoja tu: amwambie mjukuu wake neno moja lisilopita kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Kwa pupa yake, siku ya kwanza akameza ishirini. Kesho yake zimebaki mbili, na hizo mbili nazo zinagombana kichwani. Akaitupa chati chini ya meza ya kukatia, akajiambia kuwa kichwa cha uzee ni gunia lililotoboka. Ilikaa huko wiki nzima, mpaka alipoinama kuokota sindano akaona moja, na pembeni maana yake, kama bintiye alivyoziandikia zote: uzi. Kumbe na uzi umo! Hapo akakumbuka alivyofundishwa kazi. Hakuna aliyemkabidhi suti siku ya kwanza. Alishona pindo, akafumua, akashona tena, na machozi juu.

Akajiwekea sheria. Tatu kwa siku, hata roho ikiililia ya nne. Kabla ya kugusa mpya, azipitie za jana. Na iliyosahaulika isitukanwe, ishonwe upya. Zile ngumu akazikata vipande, kama mtu anayetenga kola na mikono, akajua kila kipande kinaitwaje. Mtu, na pembeni yake mti: kupumzika. Hiyo haikumsumbua hata siku moja, maana mti wake mwenyewe alishauzika miaka sita iliyopita.

Akaandika kwa kanji "maji" kwenye ndoo na "moto" kwenye pasi. Mteja mmoja alidhani ni mambo ya hirizi, akachukua kitambaa chake kabla hakijakatwa na kuaga kwa adabu nyingi mno. Mama Chaki alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Kisha akatafuta wa kumsimulia, hakumwona.

Baada ya miezi miwili akamshonea mjukuu gauni la njano, na kifuani akatarizi ile ya kupumzika. Alitaka kumwambia, njoo upumzike kwangu. Akaichora kwa chaki upande wa ndani wa kitambaa, kama fundi yeyote afanyavyo ili nje pasichafuke, akaifuata kwa mashine. Zile alizokuwa akizijaribia kwenye mabaki ya vitambaa, mti, mlima na jua, hazina kulia wala kushoto, kwa hiyo hakuna kilichomshtua. Akalipiga pasi, akalipeleka posta.

Jumapili gauni lilipofika, bintiye alionekana kwenye simu akijikaza asicheke.

"Mama, umeiandika kinyume. Mtu amekaa upande usio wake."

Fundi wa miaka thelathini! Mama Chaki alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaona tatu tatu zake zote za kila siku zimekwenda na maji, akanyoosha kidole akate simu.

Lakini mjukuu, aliyekuwa amesimama kando ya mama yake, hakuwepo tena. Alirudi amelivaa gauni nje ndani, mishono yote inaonekana, nyuzi zinaning'inia, na kifuani mtu ameegemea mti wake sawasawa. Akaigusa ile herufi, kisha akamnyooshea bibi kidole, macho yakiuliza: wewe? Safari hii Mama Chaki hakungoja tafsiri.

Akachomoa chaki sikioni. Kwenye kipande cha kitambaa cheusi akachora mtu, mtu peke yake, bila mti, akakiinua mbele ya simu. Mtoto alikitazama. Kisha akasogea pembeni kidogo, kama anayeacha nafasi, akanyoosha mikono yote miwili, akatulia hivyo hivyo. Alikuwa mti.

Mama Chaki akaegemeza paji la uso kwenye simu, machozi yakamtoka bila kuyaonea haya. Nyuma ya mtoto bintiye alikuwa akiuliza, na kuuliza tena, wanaambiana nini wao wawili.

"Hilo halina Kiswahili, mwanangu," akasema Mama Chaki.