Mitego Mitano ya Kaunta

"Usinikodolee macho! Kadi zangu umezisoma, sema tu yaishe."

"Dada, sijazigusa."

"Basi zimesomwa na jini."

Walikuwa stoo, nyuma ya darasa la wahudumu wa uwanja wa ndege, wamebanwa katikati ya mizani mbovu na rundo la mabegi ya mazoezi. Mwalimu alishika kadi tano mkononi, na miwani aliyoandikiwa na daktari miezi miwili iliyopita ilikuwa ikining'inia kifuani kwa uzi. Mdogo wake, aliyevaa sare aliyoipiga pasi asubuhi nyumbani kwa huyohuyo mwalimu, alikuwa ameuegemea mlango ili darasa lisisikie.

Kila kadi ilikuwa na mtego, na abiria wa mitego walichanganywa na abiria halali. Abiria wa kuigiza anafika kaunta na pasipoti ya mtu mwingine, au tiketi ya jana, au jina lisilolingana. Mwanafunzi akimruhusu kupanda ndege, amefeli. Kwa miaka kumi na miwili mwalimu alikuwa akifelisha theluthi ya kila darasa, wala hakuwa akimwonea mtu. Safari hii wanafunzi tisa, mitego mitano, na hakunaswa hata mmoja. Yule waliyembatiza Samahani, ambaye hata kupima begi humtoa jasho, naye aliigundua yote.

Na katika wote tisa, ni mmoja tu aliyelala nyumba moja na mkoba wa mwalimu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mwalimu alisema. "Jana niliuacha mkoba mezani makusudi, zipu nusu. Asubuhi nimeikuta imefungwa."

"Nimeifunga mimi! Binti yako alishatoa kalamu anataka kuchora ukuta."

"Shahidi mzuri huyo. Ana miaka mitatu."

Saa nne kamili bosi angekuja kuchukua orodha ya waliofaulu. Jina la mdogo mtu lilikuwa la nne, na kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni. Likikatwa, kazi ya getini imekwenda, na aliyeiba mtihani harudii.

"Nakukata," mwalimu alisema.

Mdogo mtu alivuta pumzi. "Unataka kumjua anayevujisha? Ni wewe."

"Adabu!"

"Hiyo miwani, dada. Abiria akiwa hana kasoro, unakaa zako unachezea simu. Akija na mtego, unavaa miwani uone tunavyoumbuka. Darasa zima linajua tangu wiki ya pili. Hatusomi pasipoti, tunakusoma wewe."

"Na wewe pia?"

"Na mimi pia. Ningefanyaje, na jibu limekaa juu ya pua?"

Mwalimu hakuamini. Mtu akibanwa husema lolote. Alirudi darasani, akamwendea dereva mstaafu aliyekuwa akiigiza abiria, akamnong'oneza atumie pasipoti yake mwenyewe, halali, na tiketi ya leo. Akamwita Samahani kaunta. Kisha akaketi kwenye kiti chake cha dirishani, akavaa miwani polepole.

Samahani aliifungua pasipoti, lakini macho yake yalipita juu ya bega la abiria, yakatua dirishani, yakarudi.

"Samahani sana, abiria wetu. Hati yako ina kasoro. Sitaweza kukuruhusu."

"Kasoro gani? Si mimi huyo?" dereva alifoka, na safari hii hakuwa akiigiza.

Samahani alipekua kurasa mbele, akapekua nyuma. Jasho likamtoka.

"Ni... kasoro ya ndani, mzee."

Mtu alicheka, akajiziba mdomo. Wengine wakatazama viatu vyao. Mlangoni pa stoo mdogo mtu hakucheka.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Mwalimu alivua miwani, akaitupia kwenye droo, akaifunga. Akaichukua orodha, akaichana vipande vinne.

"Hakuna aliyefaulu. Tunaanza upya, na bosi atasubiri."

"Mwalimu, jamani!"

"Jamani nini? Mnataka kwenda kusoma pua za watu getini?" Aligeuza kiti, akakaa akitazama ukuta, mgongo kwa darasa. "Dereva, chagua kadi yoyote au njoo na hati zako halali, mimi usinionyeshe. Wa kwanza ni mdogo wangu. Nimemwita mwizi, na mwizi hakuwa yeye."

Viatu vya mdogo wake vilipita nyuma yake mpaka kaunta.

"Karibu, abiria. Naomba pasipoti yako."

Kurasa zikaanza kufunuliwa, moja moja.