Sili ya Mtu Binafsi

Mpaka leo nikiikumbuka Jumanne ile, damu inanichemka.

Nilikuwa fundi na dereva wa kijiji chetu cha ujamaa, juu kidogo ya Vuga. Gari lilikuwa moja tu, pikapu kuukuu, na klachi yake mpya tuliisubiri miezi minne. Ilipofika, nikashusha giaboksi kwa kamba na miti, peke yangu, mgongo ukawaka moto. Ndipo nikaiona sili ya nyuma ya injini, kile kipete cha mpira kinachozuia oili: imechakaa, inavuja. Ukifunga klachi mpya hapo, oili itailowesha, itateleza, na gari halitapanda mlima. Huku kwetu wapi pasipo mlima?

Nilikuwa na sili mpya, yangu mwenyewe, niliyoitoa Tanga. Nikamfuata Mwenyekiti Mbaraka, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia naitoa bure. Ni kazi ya nusu saa maadamu giaboksi iko chini.

"Kamati ilipitisha klachi, Sefania," akasema. "Sili haikutajwa."

"Kamati haikulala chini ya gari, mzee."

"Tena hiyo ni mali ya mtu binafsi. Ikiingia kwenye gari la kijiji, kesho utadai una fungu lako humo. Subiri kikao cha Jumamosi, tunyooshe mikono."

"Basi gari likae hivi hivi mpaka Jumamosi."

"Kesho nina mkutano Lushoto, mghoshi. Funga."

Kupigia kura kipete cha mpira! Nikamkumbusha kwamba dada yangu Marta ana mimba ya miezi tisa, na mkunga amesema mtoto amekaa vibaya, lazima akazalie hospitali.

"Gari si litakuwepo?" akanijibu, akaondoka zake. Nilitukana kimoyomoyo matusi yote niyajuayo, kwa Kishambaa na Kiswahili. Kisha nikafunga, sili ikiwa mfukoni mwangu.

Jumatano nilimpeleka Mwenyekiti Lushoto na kumrudisha, oili ikiwa bado haijailowesha klachi. Ijumaa asubuhi Marta akashikwa na uchungu. Nikampakia garini, na mji wa Soni tulipita salama. Tulipoanza kupanda kwenda Lushoto, injini ikanguruma bure, gari likasimama, harufu ya klachi inayoungua ikatujaa puani. Nikarudi nyuma, nikajaribu tena. Wapi!

Marta akanishika bega. "Kaka, kwani hukulitengeneza?"

Nikashuka, nikapiga kelele kuomba msaada. Wapita njia wakatusaidia kumbeba kwa kitanda cha kamba, lakini mtoto alizaliwa kabla hatujafika. Hakulia.

Jumamosi kikao kikakaa kama kilivyopangwa. Mwenyekiti akanipa pole, tena kwa sauti nzuri ya kikao, kisha akauliza nani anaafiki sili ya Ndugu Sefania iwekwe kwenye gari. Mikono yote ikanyooka. Yangu niliikalia.

Jumatatu nikashusha giaboksi tena, nikaiweka sili. Sili yenyewe ilichukua nusu saa, kama nilivyosema. Nilipomaliza kufunga nikainama kutazama: sili haionekani kabisa. Hata Jumanne ile, ningeiweka tu, hakuna ambaye angejua.