Doa la Israa

Kuna watu wakisoma vitabu viwili huona wana haki ya kumkagua Mungu, na wengine wakisoma kimoja hujifanya wasemaji wake. Wa namna zote mbili niliwakuta asubuhi moja katika zahanati ya binafsi kule Wiyoni, wamekaa chumba kimoja, wanakunywa chai.

Nilikuwa nimembeba mjukuu wangu, Israa. Mamake yuko chuoni Mombasa, kaniachia mimi. Mtoto alikuwa anawaka homa, chupa haitaki, akiguswa sikio la kushoto analia mpaka sauti inakatika. Nilikuwa na hofu. Kabla ya kutoka nyumbani nilimpaka wanja kwenye paji la uso, doa nene la masizi na samli, kama sisi wote tulivyopakwa utotoni, kwa sababu mtoto huyu ni mzuri kupita kiasi na njiani watu wana macho ya husuda. Jasho la homa lilikuwa limelisambaza mpaka jichoni na shavuni.

Daktari anaitwa Wanyama. Rafiki yake, Jabez, ni mwalimu, na siku hiyo ama hakuwa na kipindi au alikuwa amekitoroka.

"Ukiokota simu ufuoni," Jabez alikuwa akisema, "huwezi kuniambia ni mawimbi yameiunda. Iko na mwenye kuiunda. Sasa jicho je, na linashinda simu yoyote?"

Wanyama akacheka. "Jicho lenyewe mishipa inapita mbele ya pale picha inapoangukia. Fundi wa stima akikupitishia waya mbele ya televisheni, utamwita tena?"

"Bwana daktari," nikasema, "mwana ana homa tangu yana."

"Ngoja kidogo, shosho."

Shosho. Mimi, Barka, binti wa watu, naitwa shosho kama bibi wa bara, na mtu ambaye hata soksi zake hazilingani.

Kisha akamwona Israa, nikasema moyoni Alhamdulillahi. Hakumgusa. Alimnyooshea kalamu usoni. "Haya, Jabez. Huyu hajamkosea mtu, na amezaliwa na doa limefunika nusu ya uso. Fundi wako alikuwa amelala?"

Jabez akasogea, akainamisha kichwa kwa huruma ya matangani. "Mungu hakosei. Pengine amemtia alama kwa kazi maalum."

"Kazi gani? Ni seli za ngozi zimekosea tu. Hakuna aliyepanga."

"Huoni mpango kwa sababu hutaki kuuona."

"Na wewe unauona hata pale haupo."

Kila nikifungua mdomo, mmoja alininyamazisha kwa kiganja. Basi nikawasikiliza. Mmoja alimlaumu Mungu kwa masizi yangu, mwenziwe akamsifu kwa masizi yayo hayo, na hakuna aliyeuliza jina la mtoto wala kumwekea mkono aone anavyochoma. Israa alikuwa ameacha kulia, na hilo lilinitisha kuliko kilio chenyewe.

Nikachovya ncha ya leso katika chai ya daktari, nikamfuta mtoto uso.

"Ni wanja," nikasema. "Nimempaka mimi, kusudi, asipendeze. Mpango ni wangu, Mungu mwateni. Sasa tezamani shikio, ndilo lililotueta."

Wanyama akachukua kurunzi, akamulika. Sikio lilikuwa limejaa usaha. Alimsafisha, akamchoma sindano, akanipa dawa ya maji, akasema ningechelewa kidogo tu ingekuwa hadithi nyingine. Nikamwambia sikuchelewa mimi.

Mtoto alipotulia, Jabez akamtazama vizuri. "Kumbe ni mrembo hivi," akasema. "Ona macho hayo."

"Ni mrembo kweli," Wanyama akajibu.

Asubuhi nzima hawakuwa wamekubaliana jambo, wakaja kukubaliana hilo, na hakuna aliyesema Mashaallah. Kinga ya mtoto nilikuwa nimeiondoa kwa mkono wangu mwenyewe, ili wapumbavu wawili wapate kuona sikio.

Mlangoni palikuwa na jiko la makaa wanalochemshia chai yao. Nikapitisha kidole chini ya sufuria, nikampaka Israa doa jipya, kubwa kuliko la kwanza, wote wawili wakinitazama. Safari hii hakuna aliyeuliza limepangwa na nani.