Mawaridi ya Siku Tatu

Mgeni kutoka mkoani alitakiwa kufika Jumatatu. Akafika Alhamisi, kama kawaida ya wakubwa. Mwaka ule wa sabini na tano, kijiji kile kipya jirani na Chanika, Handeni, kilikuwa na ofisi na bendera, lakini maji hakikuwa nayo. Kina mama walidamka kwenda kufukua mchanga wa mtoni, na debe moja liliwachukua mpaka jua la utosi. Mgeni alikuwa na pampu moja ya kugawa, naye angewapa watakaomwonyesha shida yao.

Mwenyekiti Mwinjuma, mpenda sifa yule, akaagiza mawaridi ndoo mbili kutoka Korogwe ya kumpokea mgeni Jumatatu hiyo, akamkabidhi Grasiana. Huyu mama alimtumikia mke wa meneja wa shamba la mkonge huko Korogwe miaka tisa, akatoka na ujuzi wa maua tu. Alikata vikonyo mshazari ndani ya maji, akapukutisha majani ya chini yasije yakaoza, akatia chembe za sukari na tone la ndimu. Ndizi mbivu akazitoa chumbani, maana hunyausha maua. Kila asubuhi alibadilisha maji, na maji hayo aliyatoa kwenye mtungi wake wa kunywa. Midomo ikampasuka.

"Dada, unajikausha kwa ajili ya maua?" jirani yake Zuena akamuuliza.

"Kwa ajili ya pampu," akajibu.

Alhamisi mawaridi yalikuwa yamechanua kwenye chupa, juu ya meza ya ofisi, mabichi kabisa. Mgeni akainama, akanusa. "Mmeyatoa wapi haya?"

Grasiana akafungua kinywa, lakini Mwinjuma alishamtangulia. "Hapa hapa, mheshimiwa. Bustani za kina mama. Yamechumwa alfajiri ya leo."

Mgeni akafunga daftari. "Kumbe maji ya kumwagilia maua mnayo. Basi pampu itakwenda kwa wenye kiu."

Grasiana akamsogezea mgeni chupa moja. "Shikamoo, mzee. Maua haya ni ya Korogwe. Yana siku tatu."

Mgeni akacheka kwa upole. "Marahaba, mama. Kwangu kuna maji ya bomba, na maua hayafiki siku ya pili. Usinidanganye."

Gari likaondoka. Zuena akaingia ofisini na debe lake.

"Mficha uchi hazai, mwenyekiti," akamwambia Mwinjuma. Kisha akashika chupa moja moja, akang'oa maua, akamimina maji kwenye debe lake.

"Yana sukari hayo," Grasiana akasema.

"Watoto hawatakataa."

Mawaridi yakalala mezani bila maji, na mpaka jioni hakuna hata moja lililonyauka. Grasiana akayatazama, akatamani yangekufa Jumatatu ile ile.